Nyasi za Ngenge

Trekta halina huruma, na mwenye trekta ndiyo usiseme. Dativa alilijua hilo vizuri. Misimu miwili mfululizo alikuwa amemlipa Hussein amlimie shamba la kule Ngenge, na misimu yote miwili Hussein ndiye aliyekula, yeye akabaki kulamba vidole.

Dativa alikuwa na mashine ya kusaga nafaka pale Rwamishenye, mjini Bukoba, na mtu wa mashine hufikiri kwa magunia. Ukimtajia nauli ya kwenda Mwanza, kichwani mwake inageuka kuwa madebe ya mahindi. Basi hesabu ya shamba lile la ekari kumi aliijua kwa namna hiyohiyo: trekta likilima, halafu likarudi kupiga haro kuvunja mabonge, magunia ishirini yameshakwenda na punje haijaota bado. Mafuta yakipanda bei, ongeza. Palizi mbili, ongeza tena. Na hapo bado hujataja ubaya wenyewe, maana trekta lilikuwa moja na wenye mashamba ni wengi. Mvua ikianza kila mtu anamtaka Hussein, na Hussein anaanza na anayempenda. Zamu ya Dativa ikifika, wiki tatu za mvua zimeshapita bure, na mahindi yaliyochelewa kupandwa jua huyakuta yakiwa bado machanga.

Shamba lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la baba yake, Mzee Kahangwa wa Rubya, aliyelinunua ujanani wakati Ngenge watu walikuwa wanapaogopa kwa pori na mbu. Kibanja cha Rubya, chenye migomba na mibuni, kilikuwa cha ukoo, nacho kingekwenda kwa kaka yake Privatus. Dativa hakuwahi kulilalamikia hilo. Ndivyo ilivyo kwa Wahaya, binti huolewa akaenda kupalilia kibanja cha wenzake. Yeye aliolewa, akapalilia kibanja cha wenzake miaka kumi na mmoja, ndoa ikamshinda, akaondoka na sanduku na akili yake. Mashine ya kusaga aliitafuta mwenyewe. Lakini ardhi hakuwa nayo hata ya kuchimbia shimo la taka, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda watu wajue.

Ngenge ilikuwa ardhi ya kununua. Mzee angeweza kumpa yeyote amtakaye. Mwezi wa nane alimwita Dativa Rubya, akamkalisha, akamwambia kwamba yeye amezeeka na shamba la hasara hataki kufa nalo. Najibu, mfanyabiashara wa Bukoba mjini, analitaka kwa ajili ya ng'ombe wake wa nyama. Msimu huu wa vuli ndio wa mwisho. Likirudisha gharama na kubakiza chochote, atamwandikia Dativa liwe lake. Lisiporudisha, Najibu analichukua.

Dativa akasema sawa. Alisema kwa wepisi mpaka mzee akamtazama mara mbili, maana alitarajia machozi kidogo.

Wepisi huo aliupata Karatu. Mwezi wa tano alikuwa amekwenda kule kwenye harusi ya binti wa rafiki yake, na asubuhi ya harusi, wenzake wakipakana poda, yeye alichungulia dirishani akaona ng'ambo ya barabara ngano inapandwa. Mashine ilikuwa inapita juu ya mabua ya msimu uliopita, inachana mstari mwembamba, inadondosha mbegu na mbolea, inafukia, inakwenda zake. Hapakuwa na kulima wala haro. Dativa akavuka barabara na viatu vyake vya harusi, akamsimamisha mwenye shamba, akamuuliza maswali mpaka bibi harusi akatoka bila yeye. Mkulima yule hakumficha kitu. Alimwambia mwaka wa kwanza magugu yatakutesa na dawa ya kuyaua itakula pesa. Lakini mafuta ya trekta utayasahau, utapanda siku mvua inapogusa ardhi badala ya kungoja foleni, na chini ya yale mabua maji hayaondoki haraka. Plau yake mwenyewe aliiegesha nyuma ya nyumba, kuku wanataga humo.

Kwenye basi la kurudi, Dativa alicheka peke yake hadi abiria wa jirani akasogea. Kumbe hili jambo analijua tangu utoto. Nani aliwahi kuona plau ndani ya kibanja? Mhaya hukata nyasi huko rweya, kwenye mbuga wazi, akazibeba kichwani, akazitandaza chini ya migomba mwaka hadi mwaka, na udongo wa chini yake unakuwa mweusi na laini, unaingiza mkono bila jembe. Wazungu wa kilimo hawakuleta hiyo. Bibi yake alikuwa anafanya hivyo kabla barabara ya lami haijafika Muleba. Sasa iweje nyumbani tufunike udongo, halafu tukishuka Ngenge tuuvue nguo na kuulipia?

Basi akaanza. Mashine kama ile ya Karatu hakuwa na uwezo nayo, akanunua vipandio vitatu vya mkono, vile vya kuchoma chini, unabana, mbegu na mbolea zinashuka pamoja. Jirani wa shamba, mama mmoja aitwaye Vestina, mwenye maneno machache na mikono mirefu, akakubali kumsimamia. Mabua ya msimu uliopita hawakuyachoma moto, na ng'ombe walifukuzwa wasiingie. Nyasi ndefu zilizoota wakazifyeka na kuzilaza chini shamba zima. Mvua za kwanza za mwezi wa tisa zilipogusa, magugu yakachipua, wakayapulizia dawa mara moja, na siku tatu baadaye walikuwa wanapanda, Dativa, Vestina na akina mama wengine wanne, wakichoma katikati ya nyasi. Hussein alipita barabarani juu ya trekta lake akielekea kwa mteja, akasimama, akamuuliza Mama Mashine kama siku hizi analima kwa maombi. Dativa akamjibu kwamba ndiyo, na sadaka yake ni yale magunia ishirini. Akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilitoka kwenye kujiamini huko huko. Hakumwambia baba yake. Alijua mzee angeuliza, angehangaika, angeita wajomba. Akajisemea atamleta mahindi yakifika kifuani, ajionee mwenyewe. Akarudi Bukoba kusaga unga wa watu.

Sasa lazima ujue habari ya nyasi Rubya. Zamani rweya ilikuwa wazi, kila mtu anakata anavyotaka. Siku hizi imejaa mikaratusi na misonobari, na nyasi imekuwa ya kununua, tena kwa kubembeleza. Mzee Kahangwa, ambaye kibanja chake watu walikuwa wanakuja kukitazama wakitoka misa ya Jumapili, alikuwa na misimu miwili hajatandaza vya kutosha. Aibu hiyo ilikuwa inamnyima raha kuliko magoti yake. Ndipo alipokutana na Hussein kwenye soko la Muleba, akamuuliza kama ameshamlimia binti yake. Hussein akamwambia ukweli, kwamba hajaitwa. Mzee akapanda pikipiki moja kwa moja hadi Ngenge.

Alichokiona ni ekari kumi za nyasi kavu zilizokatwa vizuri, zimelala chini, zinaoza. Hapakuwa na tuta wala alama ya jembe. Mbegu ilikuwa chini bado haijachomoza, au imechomoza ncha ya kidole chini ya nyasi pasipoonekana. Angejuaje? Mhaya yeyote wa umri wake angeona kitu kilekile, kwamba binti ameshindwa, shamba limelala, na mali inaharibika bure. Akasikitika, halafu akafurahi. Akakodi fuso na vijana wa kazi, wakaja na reki na majembe ya uma, wakaanza kukusanya.

Vestina alijaribu kusema. Alisema shamba limepandwa, mzee akamwuliza limepandwa lini na limelimwa lini, naye akaishiwa maneno kwa sababu swali la pili halikuwa na jibu. Ndilo shamba la mzee, atamzuiaje? Kufikia wakati anapata mtandao wa kumpigia Dativa, nusu nzima ya upande wa barabara ilikuwa imebaki udongo mtupu, na fuso limeondoka na mzigo wa mwisho.

Dativa aliifunga mashine mchana, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona. Alipofika Ngenge alitembea nusu iliyovuliwa, akaona miche midogo iliyokanyagwa na mingine iliyong'olewa na reki, ingawa mingi ilikuwa bado imesimama, myembamba na myeupe kwa kukosa jua. Hakulia. Hasira yake ilikuwa imepita kulia. Akaenda Rubya.

Alimkuta baba yake kibanjani, mikono nyuma, anatembea juu ya nyasi mpya kama mtu aliyevaa suti. Kibanja kilikuwa kimependeza, hilo lazima lisemwe. Mzee akampokea kwa furaha, akaanza kumwonyesha, huku nimetandaza hivi, huku nimeweka nene kwa sababu ya mteremko. Dativa akamwacha amalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima yote.

"Tata, shamba lile lilikuwa limeshapandwa. Nyasi ulizobeba zilikuwa zinafunika mbegu."

Mzee akasema haiwezekani. Shamba halijalimwa.

"Na hapa tuliposimama, Tata, palilimwa lini?"

Mzee aliangalia chini kwenye miguu yake. Halafu ukaidi ukamrudia, maana alikuwa Kahangwa, na akina Kahangwa hawashindwi mbele ya watoto wao. Akasema mgomba ni mgomba na hindi ni hindi, mgomba unakaa miaka hamsini na hindi ni mgeni wa miezi minne, na mgeni huyo anataka kulimiwa. Akasema kama ni hivyo alipaswa kuambiwa. Hapo Dativa alikubali kwa kichwa, kwa sababu kweli alipaswa kumwambia. Mzee akamaliza kwa kusema makubaliano yao yako palepale, tutaona kwenye mavuno.

Angeweza kuziomba nyasi zake. Aliwaza hilo akiwa amesimama pale, akalikataa. Ukiondoa nyasi kwenye kibanja cha mtu ni sawa na kumwezulia paa, na mpita njia yeyote atauliza nyumba ile imepatwa na nini. Alimwamkia tena kwa kuaga, akaondoka.

Njiani alipiga hesabu yake ya magunia upya. Kwa kuwa trekta halikuguswa, gharama zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba nusu iliyofunikwa ikizaa vizuri, na ile ya wazi ikitoa chochote, shamba lingerudisha na kubakiza. Akajiambia bado nimo. Kilichotakiwa ni mvua isikatike.

Mvua ikakatika. Mwezi wa kumi, mahindi yakiwa bado ya kimo cha shubiri, jua la Ngenge likawaka kama la kiangazi, siku baada ya siku, mawingu yanapita kwenda kunyesha ziwani. Nusu ya upande wa barabara udongo uligeuka gamba. Mahindi yakajikunja majani mchana kutwa, magugu yakaota kati yake kwa furaha, na Vestina akawa analima palizi ambayo haikuwa kwenye hesabu. Kwa majirani waliolimiwa na Hussein hali ilikuwa hiyohiyo. Nusu ya pili, yenye nyasi, ilikuwa kijani. Majani yalijikunja kidogo saa nane, jioni yakafunguka. Dativa alikuwa anakuja kila Jumamosi kutazama, na kila Jumamosi alijipa moyo kwa sauti mbele ya Vestina, lakini siku moja alikaa mpakani mwa nusu hizo mbili akasaga jani lililojikunja kati ya vidole mpaka likawa unga. Alilitaka shamba lile. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuwa na mwingine wa kumlilia isipokuwa wingu.

Siku hiyohiyo mzee alikuja. Hakuna aliyemwita. Alishuka kwenye pikipiki, akaitikia shikamoo, akapita moja kwa moja hadi katikati ya mahindi. Kwenye nusu ya wazi alipiga kisigino chini, vumbi likaruka. Kwenye nusu iliyofunikwa aliinama taratibu kwa sababu ya magoti, akafunua nyasi, akaingiza vidole vyote vinne kwenye udongo. Akavitoa, akavinusa. Dativa alimwona akifanya hivyo mara tatu, sehemu tatu tofauti, kama daktari asiyetaka kuamini kipimo. Akapanda pikipiki akaondoka, na Dativa akajua ameona, ila hakujua ameamua nini.

Jumanne asubuhi Vestina alipiga simu, akasema tu, njoo. Alipofika, fuso lilikuwa limesimama barabarani, limejaa nyasi hadi juu ya kingo, na vijana wanazishusha. Baba yake alikuwa tayari shambani, kanzu imepandishwa kiunoni, anabeba mafungu. Dativa akashika fungu la kwanza lililomfikia, akaelewa. Upande wa juu ulikuwa mkavu wa rangi ya dhahabu, nyasi zake mwenyewe. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, nyeusi, nusu imeoza, ina minyoo na harufu ya migomba. Hiyo haikutoka Ngenge. Hiyo ilikuwa nyasi ya kibanja, iliyolala pale tangu kabla mama yake hajafariki.

Mzee alikuwa amevua kibanja chake. Si zile nyasi alizozichukua Ngenge tu, bali na za ziada. Rubya nzima ilikuwa imemwona akifanya hivyo, wanaotoka misa na wasiotoka.

Waligawana mistari, mzee huku, binti huku, wakatandaza. Kazi ilikuwa imefika nusu wakati gari dogo jeupe liliposimama nyuma ya fuso, akashuka Najibu. Alikuwa mtu mwenye adabu na mwenye kujua wakati wa kuja. Alisalimia, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, akampa pole kwa jua hili linalotesa watu. Akasema ameona hali ya mashamba tangu barabarani, na kwa kuwa hapendi mzee ahangaike hadi mwezi wa pili, yuko tayari kumaliza mambo leo. Dau lake ameliongeza kidogo, na ng'ombe wake hawahitaji mahindi yamalize kukomaa.

Dativa aliyasikia yote, fungu la nyasi kifuani. Makubaliano yalikuwa mavuno, na mavuno yalikuwa mbali, na nusu ya shamba ilikuwa inakufa mbele ya macho ya kila mtu.

Mzee alijifuta jasho kwa mkono wa kanzu. "Najibu, umemsalimia mwenye shamba?"

Najibu akageuka huku na huku, akitafuta mwanamume. Akauliza yuko wapi.

"Yule pale, binti yangu. Maneno yako mpelekee yeye."

Dativa akasikia sauti yake mwenyewe inatoka nyembamba, si ile ya Rwamishenye inayoshinda kelele za mashine. "Tata, bado hatujavuna."

"Najua." Mzee aliinamia fungu jingine, akanyooka nalo. "Mwana wange, nimekivua kibanja changu nikabeba hadi hapa. Umewahi kusikia mtu akafanya hivyo kwa shamba analotaka kuuza?"

Dativa akalia, na hakujificha. Alilia akiwa ameshikilia nyasi zile zenye minyoo, na minyoo ikamtambaa mikononi asiijali. Alipopata pumzi alimwambia Najibu, kwa adabu kama aliyokuja nayo, kwamba shamba haliuzwi na asante kwa kuja. Najibu alimtazama mzee, akamtazama yeye, akaitikia kwa kichwa kama mfanyabiashara anavyoitikia biashara iliyokwisha, akawatakia mvua njema.

Gari lilipoondoka Dativa aligeuka kurudi kwenye mstari wake, akaona alichokuwa akikifanya baba yake muda wote huo. Mzee alikuwa anatandaza kwa ustadi wa miaka sitini ya migomba, nene, bila kuacha mwanya, na chini ya nyasi zake mistari mitatu mizima ya mahindi ilikuwa imezama haionekani.

"Tata," akamwambia, "unafunika miche. Achia nafasi katikati, hivi."

Mzee akasimama kumtazama mkono unavyofanya. Kisha akarudi mwanzo wa mstari wake, akapiga magoti yale mabovu, akaanza kuifukua miche ya binti yake mmoja mmoja.